Jozi Mbili za Viatu: Kutoka Shauri Moyo hadi Muthaiga kwa Miguu

Mama yangu alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi Muthaiga, mtaa wa matajiri jijini Nairobi, kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alikuwa na jozi mbili za viatu. Vya njiani vilikuwa sandaki za plastiki, zile zenye matundu, ambazo ukizisuuza kwa kopo moja la maji zinatakata. Vya kazini vilikuwa vya ngozi nyeusi, visigino vifupi, amevifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuviweka juu kabisa ya kikapu visije vikakunjwa. Alitoka Shauri Moyo saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa miguu, na kabla hajafika kwenye lango la watu aliinama chini ya mti mmoja karibu na mzunguko wa Pangani, akabadilisha.

Utotoni sikuona ajabu yoyote. Nilidhani watu wazima wote wanaishi hivyo. Ni baada ya kupanga Kilimani, gorofa ya tisa, ndipo ile safari ya Mama ilipoanza kunisumbua. Ramani ya simu inaniambia ni kama kilomita tano tu. Nikaona haiwezekani. Mahali nilipokulia na mahali alipofanyia kazi vilikuwa mbali kichwani mwangu kama Nairobi na Mombasa. Basi nikamwomba tuitembee tena, mimi na yeye, hatua kwa hatua, Jumamosi moja. Ana miaka sabini na magoti yake bado yanamtii. Aliniuliza kitu kimoja:

"Mvua imenyesha huko?"

Mtu aliyezaliwa upande wa mashariki wa Nairobi analijua swali hilo. Jiji hili limekaa mahali ambapo udongo wa aina mbili unakutana. Magharibi na kaskazini, kuelekea vilima vya Kikuyu, ni udongo mwekundu unaokunywa maji na kuyapitisha, udongo wa kahawa na maua. Mashariki, kuelekea Athi, ni uwanda wa udongo mweusi. Huo hauyapitishi maji. Unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka, na siku ya mvua unapanda na wewe: hatua ya kwanza umebeba gramu mia, hatua ya kumi umebeba tofali kila mguu. Nyumba zetu zote zina nyufa kwa sababu ya udongo huo. Marehemu Baba kila mwaka alikuwa akiziba ufa ule ule juu ya mlango, na kila mwaka ufa ulirudi.

Reli ilipofika hapa Mei 1899, uwanda huu ulipendwa kwa sababu ni tambarare, mahali pa kupanga injini na mataruma kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Wamaasai walikuwa wameupa mto jina, Enkare Nairobi, maji baridi, nao walipajua kama mahali pa kunyweshea mifugo. Mji ukaota kwenye kinamasi. Tauni ikaingia miaka ya mwanzo kabisa, Bazaa ya Wahindi ikachomwa moto mwaka 1902, na mwaka 1913 akaletwa profesa mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, kuchunguza afya ya miji ya koloni. Alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi zao, akasema ni kwa ajili ya usafi. Wazungu wakawa na vilima vyenye udongo mwekundu na upepo. Wahindi wakapata Parklands, Ngara na baadaye Eastleigh. Waafrika wakaachiwa uwanda. Mwaka 1948 wataalamu kutoka Afrika Kusini waliandika mpango mkuu wa jiji, na mistari ile haikuhama.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia Nairobi ikiitwa jiji la tofauti kana kwamba tofauti hizo ziliota zenyewe kama nyasi. Zilichorwa mezani. Aliyezichora alijua udongo upi unapitisha maji.

Nyanya, mamake Mama, alizaliwa Pangani. Hiyo Pangani ya leo yenye barabara za juu na za chini haikuwapo. Ilikuwapo nyingine, kijiji cha Waswahili na kila kabila lililokuja mjini kutafuta riziki, nyumba za udongo zenye ukumbi katikati, watu wamejijengea wenyewe na kupangisha wengine. Kufikia mwaka 1939 kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa. Nyanya alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akitusimulia kwamba siku yao ilipofika, babake aling'oa mlango, kwa kuwa mlango ulikuwa wa mbao nzuri kutoka pwani, akauweka mgongoni, na familia nzima ikamfuata kwa nyuma kuteremka kwenye nyumba mpya za serikali. Watu hawakutaka kwenda. Walipoulizwa kama wamekubali, Nyanya alisema, walijibu kuwa hilo ni shauri la moyo. Ndivyo mtaa ulivyobatizwa.

Majina mengi ya mitaa ya upande wetu ni Kiswahili cha kila siku, na kila moja lina watu ndani yake. Ziwani, Bahati, Maringo, Makongeni, Kaloleni. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Kariakoo ya Dar es Salaam imezaliwa na jina hilo hilo. Ofafa na Mbotela ni watu, madiwani wawili waliouawa siku za Mau Mau. Lakini jina linalonikaa kooni ni Starehe. Nyumba nyingi za enzi zile zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja, kitanda kimoja, kwa imani kwamba Mwafrika mjini ni mgeni na kazi ikiisha atarudi kijijini kwao. Ndani ya vyumba hivyo wakazaliwa watoto saba, wanane. Sisi tulikuwa sita.

Basi tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mama alivaa raba za dukani nilizomnunulia, akabeba kikapu. Sikumuuliza ndani kuna nini.

Kamukunji ilishaamka. Pale mafundi wa jua kali wanaanza kugonga bati kabla jua halijatoka, na kelele yake unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Masanduku ya wanafunzi wa bweni yamepangwa moja juu ya jingine, meusi na ya buluu, majiko, makarai, mikebe ya kupimia nafaka, miiko mirefu ya kupikia ugali wa shule. Mama alisimama kwenye karai moja, akaligeuza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Bati hili jepesi," akamwambia kijana. Kijana hakubisha. Akainama chini ya meza akatoa jingine, akampa aligonge. Hilo lililia kwa sauti nene. Mama akatikisa kichwa kukubali, akalirudisha, akasema atalipitia akirudi. Uwanja wa Kamukunji wengine wanaujua kwa mikutano ya siasa na Saba Saba ya mwaka 1990, siku ya kudai vyama vingi. Mimi naujua kwa karai.

Gikomba tulipita kwa shida. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Robota za mitumba zinakatwa kamba, watu wanarukia shati la juu kabla halijagusa turubai, mikokoteni inapita katikati na mwenye mkokoteni anapiga mluzi badala ya honi. Tope lilikuwa jeusi, laini, limechanganyika na vitambaa. Tulivuka Mto Nairobi darajani. Sitaki kuusema mto huo zaidi ya hivi: Nyanya alifulia nguo ndani yake akiwa msichana, na leo maji yake ni meusi kama ule udongo.

Majengo ndipo Mama alipobadilika. Hatua ikawa fupi, shingo ikanyooka, mtandio akauvuta mbele kidogo. Kila mlango wa pili alisalimia au alisalimiwa. Pumwani ndio jina la serikali, lakini mwenyeji atakwambia Majengo. Palianza mapema miaka ya 1920 kuwa mahali pekee ambapo Mwafrika aliruhusiwa kujijengea nyumba mjini, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya waliojenga. Wanawake wenye pesa zao wenyewe, walizozichuma wanavyojua, wakaweka miti, wakakandika udongo, wakaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Zimebaki nyumba chache za namna hiyo katikati ya magorofa yanayochipuka kila kona.

Tuliingia kwa mmoja wa marafiki wa Nyanya, bi mkubwa ambaye sasa macho hayaoni vizuri lakini mkono wake kwenye unga haujakosea hata siku moja. Nyumba yake ina ukumbi mrefu unaopita katikati toka baraza ya mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila kimoja na pazia lake. Sakafu ya saruji nyekundu imelainika katikati, pale miguu inapopita, na kandokando bado ina mng'aro wa zamani. Uani kuna bomba moja, kamba za nguo, na karai la mafuta.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Mama alisema. Mtu wa miaka sabini anamwamkia mtu mwingine kama mtoto. Nilifurahi kusikia.

"Marahaba, mwanangu. Na huyo?"

"Huyu wangu wa tatu."

"Wa gorofani?"

Akatupa mahamri manne na mbaazi kwenye bakuli la bati. Alimuuliza Mama tunakwenda wapi, na Mama alipomwambia, alinyamaza kidogo. "Mamako hakupenda upite njia ile," alisema. Nilitazama uso wa Mama. Hakuwahi kunieleza hilo. Kumbe Nyanya, tangu 1939 mpaka anafariki, hakukanyaga tena Pangani. Akiwa na safari ya Ngara au Parklands alizungukia mjini. Na binti yake akapata kazi ambayo ilimlazimu kupita pale pale, asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki.

Kutoka Majengo tulipanda kuelekea Juja Road. Eastleigh tuliiacha mkono wa kulia. Ile inataka makala yake yenyewe. Nitasema tu kwamba mtaa uliopimiwa Wahindi mwaka 1921 sasa unavisha nusu ya Afrika Mashariki, na kwamba ilianza na nyumba moja ya kulala wageni, Garissa Lodge, ambapo Wasomali waliokimbia vita baada ya 1991 walianza kuuza bidhaa chini ya kitanda mchana na kulala juu yake usiku.

Tukafika Mlango Kubwa, na chini yake Mathare.

Mathare ilikuwa machimbo ya mawe. Mawe mengi yaliyojenga Nairobi yalitoka bondeni humo, kisha shimo lililobaki likawa makao ya watu waliolijenga jiji hilo. Serikali ya kikoloni iliwasomba maelfu kwa maelfu katika msako ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, vibanda vikabomolewa. Baada ya uhuru watu wakarudi. Mama alikuwa na marafiki wawili wa njiani waliotokea huku, wote wakifanya kazi Muthaiga, wakikutana naye juu ya bonde saa kumi na mbili. Tulisimama pale pale. Chini, mabati yamekaribiana mpaka yanaonekana kama bati moja lenye mikunjo, na katikati ni ukanda mtupu ambao kwanza sikuuelewa.

"Pale palikuwa na nyumba," Mama alisema.

Ilikuwa mafuriko ya Aprili 2024. Mto ulipanda usiku watu wakiwa wamelala. Baadaye serikali ikaamuru kila aliye ndani ya mita thelathini kutoka mtoni ahame, na matingatinga yakashuka. Mmoja wa wale marafiki wawili alipoteza chumba chake kwa maji, na kilichosalia akakipoteza kwa tingatinga wiki mbili baadaye. Yuko kwa bintiye Kayole sasa.

Kitu ambacho sikukijua mpaka nilipokaa na ramani ni kwamba mito inayokutana humo bondeni inatoka juu, upande wa magharibi. Gitathuru unapita Muthaiga kwanza. Kule ni kijito chini ya miti, mtu anaweza kukaa kando yake na chai. Mvua ile ile, maji yale yale, na umbali kati ya kijito na mauti ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa upole na imekataa.

Pangani sasa ni barabara. Thika Road ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 2012, mzunguko ule wa zamani ulimezwa na njia za juu na za chini, na ukisimama hapo huwezi kusikia mtu aliye hatua mbili nawe. Mti wa Mama haupo. Tulitafuta kwa dakika kumi. Alikuwa akitumia alama zake, ukuta fulani, bomba la maji, duka la Muhindi aliyekuwa akiuza vitambaa, na zote zimeondoka. Mwishowe akachagua kipande cha ukingo wa saruji, akasema ni hapa au karibu na hapa. Akaketi. Akafungua kikapu, akatoa kitambaa, na ndani yake vile viatu vya ngozi.

"Mama, leo huendi kazini."

"Najua."

Akavua raba. Akazigonganisha mara mbili, tope likaanguka, akazipangusa kwa gazeti. Akavaa vile vyeusi, kwanza wa kulia. Ngozi imepasuka penye vidole lakini alikuwa amevipaka rangi usiku uliopita, nikaiona harufu yake. Alisimama, akakung'uta nguo. Watu walipita bila kututazama. Sikuwa na la kusema, nikabeba kikapu.

Nilikuwa nimekusudia kumwuliza pale kuhusu kijiji cha Nyanya, kilikuwa kimekaa upande gani. Nikamwuliza tukiwa tunatembea, akaonyesha kwa mkono, huku na huku, na mkono haukupata pa kukaa. Hakuna kibao wala jiwe. Kila ninapolifikiria hilo nawakumbuka Wanubi wa Kibra. Wao walikuwa askari wa mfalme wa Uingereza, wakapewa msitu huo wakae mwanzoni mwa karne iliyopita, na Kibra katika Kinubi ndiyo maana yake, msitu. Hawakupewa karatasi. Jiji likawazunguka, wapangaji wakaja kwa maelfu, na hatimiliki ya ekari 288 haikuwafikia hadi mwaka 2017. Zaidi ya miaka mia moja. Bado naona walipata. Watu wa Pangani walipata nyumba za kupanga, na jina zuri la mtaa.

Muthaiga inaanza ghafla. Unavuka barabara kuu, unaingia njia ya kando, na kelele inakatika kama mtu amefunga mlango nyuma yako. Ua wa miiba umekatwa ukanyooka, mijakaranda inakutana juu ya barabara, na chini, pembeni mwa lami, udongo ni mwekundu. Nilisimama nikautazama. Mvua ilikuwa imenyesha huku pia, lakini ardhi ilikuwa imeshakunywa maji yote, na viatu vya Mama vilikuwa safi.

Sina chuki na mtaa huu. Ni mzuri, na ninaamini kila mtoto wa Nairobi angestahili kukua chini ya miti namna hiyo. Klabu yake maarufu, yenye kuta za rangi ya waridi, ilifunguliwa usiku wa kuamkia mwaka 1914, na walowezi wakacheza dansi humo wakati kule uwandani watu wa rangi yetu walikuwa karibu kuanza kuvalishwa kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni ndani ya kikopo cha bati. Leo kuna mabalozi, matajiri wa kila rangi, na familia za zamani za siasa. Mama aliwaongelea waajiri wake kwa heshima. Walimlipa kwa wakati, waliuliza habari za watoto. Kilichomkalia moyoni ni maji. "Bomba la bustani," alisema, "lilikuwa likifunguliwa saa mbili asubuhi kumwagilia nyasi, na mimi nimeacha watoto wangu wanapanga mitungi foleni tangu saa kumi." Alikuwa akisema bila hasira, anatazama ua la bugenvilia. Alisema miaka ya kwanza alikuwa akiuangalia mkono wake ukisogea wenyewe kwenda kulifunga lile bomba.

Hatukuweza kuiona nyumba yenyewe. Lango ni jipya, la chuma tupu, refu kuliko la zamani. Tulipokuwa tumesimama mbele yake, askari wa lango la jirani alitoka kwenye kibanda chake. Kijana, pengine miaka ishirini na mitano, sare kubwa kuliko mabega yake.

"Habari ya asubuhi, Mathe. Mnatafuta nyumba gani?"

"Hakuna, baba. Tunatembea."

Alichanganyikiwa. Huku hakuna mtu anayetembea tu. Wanaotembea wanakwenda kazini au wanatoka, na wenyeji wanapita ndani ya vioo. Alimtazama Mama toka mtandio hadi viatu, akatazama kikapu chenye raba za matope, na nadhani hapo alielewa kitu, kwa sababu alirudi kibandani akatoka na kiti chake cha plastiki. Kimoja tu alichokuwa nacho. Akakiweka kivulini.

"Kaa kidogo, mama yangu. Umetoka mbali?"

"Shauri Moyo."

"Kwa miguu?" Akacheka kwa mshangao. "Mimi natokea hapo ng'ambo," akaonyesha kwa kidevu upande wa Mathare. Mama akamwuliza anaamka saa ngapi. Saa kumi na nusu. Akamwuliza kama mvua ya mwaka ule ilimkuta. Akasema ilichukua godoro na vyeti vya shule, lakini mtoto walimtoa. Walizungumza robo saa, mimi nimesimama kama mgeni. Walikuwa wanajuana njia: wapi pana utelezi, wapi kuna bodaboda wasio na adabu, ni daraja lipi la miguu halina taa. Nilikuwa nimesoma ramani zote za mpango mkuu wa 1948, nikajiona najua jiji hili. Wale wawili walikuwa wakilijua kwa nyayo.

Tulirudi kwa matatu. Mama aliniambia wazi kuwa kurudi kwa miguu hakumo kwenye makubaliano. Makanga alisema ni hamsini, Mama akasema kutoka hapa hadi mjini ni mbao, yaani ishirini, na yeye si mgeni, wakakubaliana thelathini. Alilipa yeye, za sote wawili, hakunisikiliza. Mjini tukabadilisha gari, na Kamukunji akashuka kulichukua karai lake.

Nyumbani aliketi mlangoni na kisu butu, akaanza kukwangua zile raba. Hapo mlangoni unaona kreni za ujenzi. Magorofa ya mpango wa nyumba za bei nafuu yanajengwa Shauri Moyo, na Pangani nyumba za zamani za halmashauri zimeshabomolewa, magorofa yamesimama mahali pake. Wanasema wapangaji wa zamani watapewa kipaumbele. Nataka kuamini. Nataka mama yangu aogee maji ya bomba ndani ya nyumba yake kabla hajafa, na afungue dirisha lisilo na ufa juu yake. Lakini nimeuona mkono wake ukitafuta kijiji cha mamake hewani pale Pangani, na safari hii nataka karatasi kwanza. Nimewaambia ndugu zangu wote wanne waliopo Nairobi tukutane mwisho wa mwezi tulizungumze, tuandike majina, tutafute risiti za kodi za miaka yote. Mama anazo. Ziko kwenye sanduku la bati la Kamukunji, zimefungwa kwa uzi kwa kila mwaka.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu vyangu niondoke aliponiita.

"Karen kuna nini?"

Nikamwambia kuna mashamba makubwa, maduka, nyumba ya yule mama wa Denmark aliyelima kahawa, ambayo ni makumbusho sasa. Miaka sabini ndani ya Nairobi, na hajawahi kufika. Wala Lavington, wala Runda. Muthaiga anaijua kila jani kwa sababu alilipwa kuijua.

"Kunaendwa na matatu gani?"

"Ishirini na nne."

Akageuza kiatu, akakwangua upande wa pili. "Basi Jumamosi tutoke mapema. Udongo wa huko ni upi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Karen nimekwenda mara nyingi, na mara zote nimepita ndani ya gari.